Udongo Uliokula Chai

Ukitaka kumwudhi Mbishi, mwambie alipata udaktari kwa kuzika chai. Jambo lenyewe ni kweli tupu. Alizika chai katika nchi tatu, akaifukua, akaipima, akaiandikia kitabu kinene cha kuweza kuzuilia mlango. Kinachomwudhi ni ile midomo inayobetuka watu wanapolisema, hasa midomo ya wale ambao maisha yao yote hawajafukia hata mbegu ya nyanya.

Mbishi si jina alilozaliwa nalo. Alibandikwa na shangazi yake, dada wa baba, aliyemchukua akiwa bado anatambaa, baada ya wazazi wake kufariki. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia, pasi nzito, gunia la vipande kwenye kona, na kioo kirefu ambamo wateja walijitazama huku wamevuta matumbo ndani. Mbishi alikulia chini ya meza ile, akibisha. Akiambiwa kitambaa hiki ni cha bluu, anasema ni kijani kilichochoka. Akiambiwa alale, anauliza nani alipitisha kwamba giza ni la kulala. Shangazi alijaribu kumfundisha kushona mpaka akanyoosha mikono. Mishono ya Mbishi ilikuwa mikubwa, imekwenda upande, mmoja unatazama mlango, wa pili unatazama dirisha.

"Hiki ulichoshona ni kiraka au ni wavu wa goli?" Shangazi aliuliza, akakifumua chote.

"Si kiko upande wa ndani? Nani atauona mshono?"

"Mimi nitauona."

Mbishi alibishia mambo mengi ya nyumba ile, lakini hilo hakupata la kulijibu, akakua nalo.

Sasa tuieleze hiyo habari ya chai mara moja iishe, maana watu wakisikia ikolojia huwaza tembo na simba tu. Udongo unakula. Unakula majani yanayoanguka, mizizi iliyokufa, kila kilichomaliza siku zake, na bila ulaji huo hakuna mmea ambao ungepata chakula. Lakini udongo mmoja una njaa kuliko mwingine. Ukitaka kujua upi ni upi, unaupa kila udongo chakula kilekile na kipimo kilekile. Na kitu kinachouzwa karibu kila nchi, kikiwa kimefungwa tayari katika vifuko vinavyolingana, ni chai. Unakipima kifuko kikavu, unakishonea kilebo cha plastiki chenye namba, unakifukia kina cha kiganja, unakiacha miezi. Baadaye unakifukua, unakikausha, unakipima tena. Kilichopungua ndicho udongo ulichokula. Ni kazi ya maana, na wanaikolojia wanaoifanya hawaoni aibu hata kidogo.

Nchi ya kwanza ya Mbishi ilikuwa ya baridi. Huko ndiko kilikokuwa chuo, na huko ndiko alikokuwa msimamizi wake, Profesa, mtu mrefu, mpole, aliyekunywa maji ya moto matupu na kusema "inavutia" kwa kila jambo, liwe zuri liwe baya. Nusu ya mwaka ardhi iliganda, na Mbishi akazika chai kwa sururu. Nchi ya pili ilikuwa ya mvua. Alipanga chumba juu ya duka la vipuri, nguo hazikukauka, viatu viliota ukungu, na vifuko vilitoka ardhini vyeusi na laini, vikinuka maji ya vyombo. Kote kuwili watu walimwuliza swali lilelile: mbona hasomei jambo la maana, na watu wa kwao wana shida nyingi hivyo?

"Na ninyi shida zenu zimeisha, mpaka mnasomea vipepeo?" aliwajibu, akaendelea kuchimba.

Nchi ya tatu ilikuwa kwao, na kuifikisha chai huko ilikuwa vita. Profesa alikuwa na ramani kubwa ukutani, inayoonyesha udongo wa dunia na njaa yake, rangi kwa rangi. Kwao Mbishi kulipakwa kahawia iliyofifia, yaani udongo mchovu, usiokula.

"Rangi hii mmeitoa wapi?" Mbishi aliuliza siku ya kwanza kabisa, koti bado liko mwilini.

"Ni makadirio."

"Nani alikwenda kuchimba?"

"Hakuna aliyekwenda. Ni hesabu ya kompyuta."

"Basi nitakwenda mimi."

Profesa alisema inavutia. Mbishi alimsumbua mwaka mzima, mpaka mzee wa watu akasaini kwa kuchoka.

Hivyo ndivyo vifuko vya chai vilivyofika uani kwa Shangazi. Mbishi alivishonea vilebo yeye mwenyewe, kwa mishono yake ileile ya kutazama mlango na dirisha, akavizika kwa safu na kusimika vibendera vidogo. Aliondoka kesho yake kurudi nchi ya mvua. Alikuwa na haraka, na maelezo aliyomwachia Shangazi yalikuwa mafupi mno.

"Shangazi, huu ndio mtihani wangu. Vikiharibika, nimekwisha. Nilindie."

"Nani wa kuvigusa? Labda amechoka kukaa mtaa huu."

Na kweli alivilinda. Kuku wa jirani walihamia kwingine. Fundi bomba aliyekuja kuzibua karo alizungushwa mbali kama mwizi. Mteja aliyetaka kutupa maji uani alirudishwa na ndoo yake.

Mbishi aliporudi kufukua, vifuko vyote vilikuwepo, kila kimoja mahali pake, vizima, vimepakaa tope. Shangazi alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Mbishi alidhani ni uchovu. Alivikausha juani, akavifunga, akapanda navyo ndege. Afisa wa forodha wa nchi ya baridi alikigeuzageuza kifuko kimoja mkononi.

"Hii ni nini?"

"Chai iliyozikwa."

"Ilikufa kwa ugonjwa?"

"Bado tunachunguza," Mbishi akajibu, akaonyesha kibali cha udongo chenye mihuri mpaka pembeni.

Mizani ya maabara haina upendeleo. Vifuko vya uani vilikuwa vimepungua kidogo mno, kiasi cha kukuaibisha. Udongo wa kwao ulikuwa umeonjaonja tu, ukaacha. Profesa alikuja akatazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akamvika Mbishi kilemba cha ukoka.

"Kazi safi sana. Umethibitisha ramani. Mwezi ujao nitalitaja jina lako kwenye mkutano mkuu."

Mbishi hakufurahi. Udongo ule anaujua. Udongo ule uliwahi kula mguu wa kitanda Mbishi akiwa amelala juu yake, akaamka yuko sakafuni. Uliwahi kula fremu ya mlango, begi la shule na kasha lililokuwa na vyeti vya marehemu baba yake. Udongo wa namna hiyo leo umesusia chai? Alirudia kupima, akarudia tena, mizani ikashikilia maneno yake. Mkutano mkuu ukapita, Profesa akazitaja tarakimu, na Mbishi bado hakuridhika.

Akaamua kuvisafisha upya, kimoja kimoja, chini ya lenzi, kwa brashi na kibanio. Kwenye kifuko cha kwanza tope lilipotoka, kilebo kikabaki wazi, na uzi ulioshikilia kilebo. Mishono midogo, imenyooka, inalingana, na mwishoni uzi umerudi nyuma mara mbili na kupigwa fundo lililofichwa ndani. Mbishi aliutazama mpaka jicho likauma. Yeye hajawahi kushona mshono mnyoofu tangu azaliwe. Lakini mshono ule aliujua. Ulikuwa kwenye pindo la kila sare aliyovaa shuleni, kwenye kola, kwenye mfuko uliochanika na kurudishwa. Akachukua cha pili, cha tatu, safu nzima. Vyote vilikuwa kazi ya mkono wa Shangazi.

Alizima taa ya lenzi. Kisha akatoka kwenye ngazi za nyuma, penye baridi ya kukata masikio, akapiga simu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Shangazi, vifuko vyangu ulivifanya nini?"

Cherehani iliyokuwa ikisikika nyuma ikasimama.

"Kwani wamegundua?"

"Nimegundua mimi. Nimeuona mshono."

"Nilijua tu," Shangazi akasema. "Nilijua ungeuona. Mwanangu, viliharibika. Mvua iliosha juu nikaona kimoja kimetoboka. Nikafukua cha pili, mchwa. Cha tatu, mchwa. Wamekula chai yote, wamejaza tope humo ndani, kifuko kimevimba kama kimetoka tumbo. Vyote! Na wewe ulisema vikiharibika umekwisha. Nifanyeje? Nikaenda dukani nikanunua boksi za chai ileile, nikatoa vile vilebo, nikavishonea upya, nikafukia. Wiki ile ile ukaja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kitambaa cha mteja kikiungua na pasi, ukiwa fundi mwenye akili humwambii mteja. Unatafuta kitambaa kilekile, unashona upya, anakuja anakuta nguo yake. Ndiyo kazi ilivyo. Na mimi nilikuwa nimeambiwa nivilinde."

"Lakini Shangazi, vilitakiwa viliwe!"

"Sasa hilo ungelisema!" Shangazi akapandisha sauti, machozi na hasira pamoja. "Uliniambia nilinde. Uliniambia lini kwamba vinatakiwa kuliwa? Umesoma nchi ngapi huko, sentensi moja ikakushinda?"

Mbishi, kwa mara ya pili maishani mwake, alikosa la kubisha. Alicheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa nusu kilio. Udongo wa kwao haukususa chochote. Ulikuwa umekula chai yote na kuacha vitambaa.

"Vile vya kwanza ulivitupa?"

"Nitupe kitu cha mtu? Viko kwenye gunia la vipande, nimevifunga peke yake."

"Usiviguse. Nakuja."

Hapa ndipo wengi wetu tungekaa kimya, tusidanganyane. Hakuna ambaye angejua. Tarakimu zilikubaliana na ramani, Profesa alikuwa na furaha, kibali cha Mbishi cha kukaa nchi ile kilikuwa kinakaribia mwisho, na kilichobaki kati yake na udaktari ni kuandika tu. Mshono ule hakuna jicho jingine duniani ambalo lingeusoma. Lakini yeye ameuona, basi. Asubuhi iliyofuata alikwenda ofisini kwa Profesa, akavimwaga vifuko mezani, akasema yote bila kupunguza.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Wapole hawagombi, ndiyo shida yao.

"Inasikitisha," akasema. "Kumbe watu wa kule hufukua vitu. Hatuwezi kuliamini tena eneo hilo. Tulitoe kwenye tasnifu. Nchi mbili zinakutosha, na utamaliza kwa wakati."

"Watu wa kule nani? Aliyefukua ni shangazi yangu, tena kwa kunihurumia, tena kwa kosa langu la kutomweleza. Na vifuko vya kwanza havikupotea, vimeliwa. Mchwa wamevila. Hilo ndilo jibu tulilolitafuta."

"Mwongozo wa utafiti unasema kifuko kilichotoboka kihesabiwe kimepotea."

"Mwongozo uliandikwa na nani?"

"Na wataalamu."

"Wa nchi zisizo na mchwa."

Profesa alikunywa maji yake ya moto. Alieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba sayansi haiendi kwa hasira.

"Sawa, nimekubali," Mbishi akasema. "Toa eneo la kwetu. Lakini toa na ile rangi ukutani. Kama hamjui, acheni peupe."

"Ramani haiwezi kuwa na tundu."

"Kumbe inaweza kuwa na uongo?"

Sekretari aliyekuwa chumba cha pili aliacha kuchapa. Profesa akaweka kikombe chini. Alisema kwamba akitaka msimu mmoja wa kurudia, atasaini, lakini kwa hatari yake mwenyewe. Kibali kikiisha kabla hajamaliza, chuo hakitamwombea kingine. Na asitegemee kwamba watahini watapenda hadithi za shangazi.

"Sitegemei," Mbishi akasema. "Saini hapa."

Tuseme ukweli, alipofika chumbani kwake alilia. Aliogopa. Miaka yote ile ya kulala kwenye vyumba vya watu, kula amesimama na kuvaa soksi mbili mbili ingekwenda na maji kwa sababu ya chai iliyoliwa na wadudu. Lakini alilia huku anapanga begi.

Safari hii alimweleza Shangazi kila kitu, wamekaa wawili sakafuni kwenye karakana, vile vifuko vilivyovimba tope vimetandazwa kwenye gazeti. Wazo lilikuwa rahisi. Nusu ya vifuko vitazikwa vitupu, mchwa wakitaka waje. Nusu nyingine vitavalishwa wavu wa chuma wenye matundu madogo mno ambayo mchwa hapiti, bali maji yanapita, na ukungu, na vile vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tofauti kati ya nusu mbili ndiyo itasema nani anakula chai uani.

"Huo wavu wa chuma atashona nani?" Shangazi akauliza.

"Mimi."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Akaunyakua wavu mikononi mwa Mbishi, akavaa miwani, akaanza. Chuma kilivunja sindano moja baada ya nyingine na kumchana vidole, na kila sindano iliyovunjika ilisindikizwa na maneno ambayo hayafai kuandikwa kwenye tasnifu yoyote. Hakuacha mpaka kifuko cha mwisho kilipokaa ndani ya vazi lake.

Msimu ule Shangazi alikuwa na vita mbili na mchwa walewale. Waliopanda kwenye fremu ya mlango aliwamwagia mafuta taa bila huruma. Wa uani walikuwa wageni wake. Mvua ikichelewa, alikwenda kuwaulizia habari.

"Wanakula?" Mbishi alimwuliza akirudi kutoka maktaba.

"Sijafukua. Mimi na wewe tulishakubaliana. Lakini wale nawajua, hawana dogo."

Walipofukua pamoja, hakukuwa na haja hata ya mizani, ingawa mizani ilitumika. Vilivyovaa chuma vilikuwa vimepungua polepole, kistaarabu. Vitupu vilikuwa vimevimba tope, chai imekwisha kabisa, sawasawa na vile vya gunia la vipande. Mbishi alikaa chini palepale kwenye vumbi, akapiga kelele ya furaha iliyotoa majirani nje. Jirani mwenye kuku aliuliza kuna msiba gani.

"Mchwa wamekula mtihani," Shangazi akamwambia, na akamwacha na mawazo yake.

Siku ya kutetea tasnifu, kibali cha Mbishi kilikuwa kimebakiza siku za kuhesabika kwa vidole. Ukumbi ulikuwa mdogo, wa viti vya plastiki, na joto la mabomba lililokausha koo. Profesa alikaa pembeni, kama sheria inavyotaka. Mtahini mkuu alitoka chuo kingine, bibi mmoja mkavu, mwenye nywele fupi nyeupe, aliyesifika kwa kuwaangusha watu na kisha kwenda kula vizuri. Aliuliza maswali kwa muda mrefu, mengine ya haki, mengine ya kuudhi tu, na Mbishi akayajibu yote. Mwishoni bibi alikiokota mezani kifuko kimoja kilichovimba, akakipima kwa kiganja.

"Humu ndani mna nini?"

"Udongo wa kwetu," Mbishi akasema. "Umekula chai, ukakaa mahali pake."

Bibi alikirudisha taratibu. Walimtoa nje, wakajadiliana, wakamrudisha. Bibi ndiye aliyesema.

"Tumeridhika. Tarakimu ni imara. Kuna sharti moja tu kabla ya kusaini. Sura ya nne ina aya inayoeleza kwamba shangazi yako alibadilisha vifuko vya mwanzo. Iondoe. Haina kazi, maana ulirudia utafiti, na inashusha heshima ya kazi nzuri."

"Siiondoi."

Mtu mmoja alisogeza kiti. Mtahini wa pili alimkonyeza Mbishi kwamba akubali yaishe.

"Hujaelewa," bibi akasema. "Bila hilo hatusaini."

"Nimeelewa. Msisaini." Mbishi alikivuta kitabu chake karibu. "Profesa alishazitaja tarakimu za kwanza kwenye mkutano mkuu, jina langu likiwemo. Nikikaa kimya, kesho atatokea mtu atakayeona hazifanani na hizi, aulize zilitoka wapi. Na mkiniondolea aya hiyo, jibu atalitunga mwenyewe. Atasema watu wa kule huiba, hufukua vitu, hawaaminiki. Sibahatishi. Nilishaambiwa hivyo, humuhumu chuoni, mara tu nilipotoa habari. Shangazi yangu hakuiba. Alikosea kwa sababu mimi mwenye elimu sikumweleza kitu cha sentensi moja. Hayo yote yamo kwenye aya hiyo, na ni kweli, na kitabu hiki ni changu. Nitarudi nyumbani bila shahada, lakini hiyo aya nitarudi nayo."

Bibi alimgeukia Profesa, kama anayeuliza huyu mmemtoa wapi. Profesa alikuwa ameinamia mikono yake, na shingo ilikuwa imemwiva.

"Aliyemwambia hivyo ni mimi," akasema. "Iacheni aya. Na kwenye mkutano nitarudi mwenyewe kuzikanusha zile tarakimu."

Bibi alivuta karatasi, akatafuta kalamu kwenye mkoba kwa muda ambao Mbishi aliuona mrefu kuliko mwaka wa baridi, akasaini. Hakutabasamu. Alipokuwa akitoka alimwuliza Mbishi kama anaweza kuchukua kifuko kimoja cha tope akakae nacho ofisini. Mbishi alimkatalia, kwa sababu vilikuwa na mwenyewe.

Ramani ya Profesa ilichapwa upya. Kwao Mbishi si kahawia tena. Ni doa jekundu la udongo wenye njaa kali, na kulizunguka kumeachwa peupe, kwa kuwa bado hakuna aliyekwenda kuchimba. Mbishi ameshaanza kusumbua watu kuhusu hapo peupe.

Lakini kabla ya hayo yote alirudi nyumbani, na kitabu begini. Alimkuta Shangazi cherehanini, sketi ya mteja magotini. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa palepale chini ya meza pa zamani, ingawa siku hizi magoti yanajitokeza.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Nasikia kwenye hicho kitabu mnaandika kila kitu. Na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Kwamba nilibadilisha vifuko?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwamba nilikosea."

"Kwamba tulikosea wote wawili."

Shangazi aliendelea na pindo la sketi mpaka mwisho, akarudisha uzi nyuma mara mbili, akaukata kwa meno. Mbishi, aliyekuwa tayari kukosa shahada mbele ya ukumbi mzima, sasa ndipo alipoogopa kweli.

"Na mshono?" Shangazi akauliza. "Umeandikaje kuhusu mshono?"

"Nimeandika kwamba ulikaa ardhini, ukasafirishwa, ukaloweshwa, ukasuguliwa kwa brashi, na haukufumuka hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi hapo umeandika kweli," Shangazi akasema, akavuta sketi nyingine.